Namna ya Kukifuatilia Kiwanda Kinachomwaga Majitaka Mtoni: Kutoka Chupa ya Kwanza Hadi Mahakamani

Mkazi wa kando ya mto hulijua tatizo kwa macho na pua muda mrefu kabla ya mtaalamu yeyote kufika: maji yanabadilika rangi usiku, samaki wanaelea asubuhi, watoto wanawashwa ngozi baada ya kuoga. Hata hivyo, mara nyingi malalamiko ya haki kabisa huishia mezani kwa afisa kwa sababu yameletwa yakiwa hasira na kumbukumbu tu. Shauri la kuchafua maji husimama pale vitu viwili vinapowekwa pamoja, yaani kile ambacho kiwanda chenyewe kiliahidi katika karatasi zake, na kile kilichokutwa ndani ya maji siku fulani, saa fulani, mahali fulani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakazi wa Kenya, kwa kuwa sheria zinazotajwa ni za huko, ingawa sehemu inayohusu sampuli inamfaa mtu wa nchi yoyote.

Kijue kiwanda kabla ya kuyapima maji

Kila kipimo cha maabara kina gharama yake, na kikundi cha wakazi kinachoagiza vipimo vyote kwa pamoja humaliza michango yake kabla ya kupata jibu. Anza kwa kuuliza kiwanda kinatengeneza nini na kwa kutumia nini. Kiwanda cha ngozi huondoa manyoya kwa chokaa na salfaidi, kisha huitengeneza ngozi isioze kwa chumvi za kromiamu. Kwa hiyo utatafuta salfaidi, ambayo hunuka kama yai bovu, utatafuta kromiamu, utapima kiasi cha chumvi, na utapima kama maji yana asidi au magadi kupita kiasi. Kiwanda cha sukari, cha pombe, cha maziwa au machinjio humwaga vitu vinavyooza, na madhara yake makubwa ni kwamba vijidudu vinavyovila vitu hivyo hutumia oksijeni yote iliyo majini na kuwaacha samaki wakikosa hewa; hapa vipimo vya BOD na COD, ambavyo hukadiria oksijeni itakayotumika kuuvunja uchafu huo, ndivyo vyenye maana. Kiwanda cha kutia rangi nguo kitapimwa rangi, joto, chumvi na COD, na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kitapimwa metali ya risasi na asidi.

Rangi peke yake si ushahidi mzuri. Maji mekundu yanaweza kuwa na udongo tu, na maji meupe kama ya kisimani yanaweza kubeba risasi ya kumharibu mtoto ubongo.

Daftari

Kabla ya kununua chupa hata moja, fungua daftari lenye kurasa zilizoshonwa, lisiwe la kuchanika karatasi, na mkubaliane ni watu gani wawili au watatu watakaoandika. Kila ingizo liwe na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, kilichoonekana, kilichonuka, na jina la aliyeona. Andikeni pia siku ambazo maji yalikuwa safi, maana daftari lenye siku mbaya pekee humpa wakili wa kiwanda nafasi ya kusema kwamba mliandika mlichotaka kukiona. Baada ya wiki sita au nane mtaanza kuona mpangilio: pengine maji huharibika usiku wa Jumamosi, au kila mvua kubwa inaponyesha, kwa kuwa kuna viwanda vinavyofungua mabwawa yao wakati mto umejaa ili uchafu upotee ndani ya wingi wa maji. Mpangilio huo ndio utakaowaambia siku ya kuchukua sampuli.

Picha na video zipigwe kwa simu yenye kuonyesha mahali na saa, na faili la awali lisikatwe wala kuongezwa mwanga. Tengenezeni nakala na mhifadhi asili yake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, inadai cheti kutoka kwa mtu anayehusika na kifaa kilichotoa rekodi ya kielektroniki, kwa hiyo andika mapema simu ni ya nani, ni ya aina gani, na faili lilihamishwa vipi kutoka simu hadi kompyuta.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kesi nyingi huharibika, nami naomba msomaji asiipite sehemu hii kwa haraka.

Sampuli moja iliyochotwa chini ya bomba la kiwanda haithibitishi kwamba kiwanda ndicho kilichouharibu mto, kwa sababu mto huenda ulikuwa umeharibika tangu juu. Mnahitaji angalau vituo vitatu: cha kwanza juu ya kiwanda, ambako maji hayajakifikia, cha pili mahali bomba au mtaro unapomwaga, cha tatu chini zaidi, umbali wa kutosha maji ya bomba na ya mto yawe yamechanganyika. Endapo kuna kijito, shimo la takataka, au kiwanda kingine kinachoingiza maji kati ya kituo cha kwanza na cha tatu, wekeni kituo cha nne hapo, la sivyo lawama itagawanywa kwa makisio. Anzeni na sehemu iliyo safi zaidi mkielekea iliyo chafu, ili vifaa vyenu visibebe uchafu kwenda juu.

Msivuke ua wa kiwanda wala kuingia shambani mwa mtu bila ruhusa. Maji yanayotoka nje ya ukuta na kuingia mtoni yanatosha, na sampuli iliyopatikana kwa kuruka ukuta itawageuza ninyi kuwa washtakiwa.

Ongeeni na maabara kwanza, nanyi mtapewa chupa zinazofaa. Chupa za kupimia metali huwa za plastiki na hutiwa asidi ya nitriki ili metali isigandamane na kuta. Za mafuta na grisi huwa za kioo. Za bakteria huwa zimetakaswa, nazo hazifunguliwi hadi dakika ya kuchota. Chupa tupu ya kawaida husuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yatakayopimwa, lakini ile iliyotakaswa au iliyokwisha kutiwa dawa haisuuzwi kamwe. Simama chini ya mahali unapochotea, uso ukielekea maji yanakotoka, uzamishe chupa katikati ya mkondo bila kukoroga tope la chini. Vaa glavu na buti, na usichote peke yako. Joto la maji, pH (kipimo cha asidi na magadi) na oksijeni iliyoyeyuka hupimwa papo hapo kando ya mto kwa vifaa vya mkononi, kwa kuwa hubadilika njiani. Kama samaki wanakufa, pimeni oksijeni alfajiri, kabla jua halijachomoza, maana mimea ya majini huvuta oksijeni usiku kucha na wakati huo ndipo kiwango chake huwa chini kabisa.

Sampuli za BOD ziwekwe kwenye barafu, gizani, zifike maabara siku hiyohiyo au kesho yake mapema. Kipimo chenyewe huchukua siku 5, hivyo msikubali jibu la BOD lililotolewa siku ya pili. Ongezeni chupa moja ya maji safi ya maabara iliyosafiri nanyi mto mzima, ambayo ikionekana kuwa na risasi mtajua uchafu umetoka kwenye vifaa vyenu, na chupa moja ya pili kutoka kituo kilekile bila kuiambia maabara ni ya wapi, ili mpime uthabiti wa maabara yenyewe.

Kila chupa ibandikwe namba, tarehe, saa na kituo, ifungwe kwa lakiri au utepe uliotiwa saini, na iandamane na fomu inayoonyesha nani aliichukua, nani alimkabidhi nani, saa ngapi. Fomu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa ushahidi. Ikiwa chupa ililala usiku mmoja nyumbani kwa mtu ambaye hajaandikwa popote, wakili wa upande wa pili hatahitaji kubishana na namba zenu. Atauliza tu usiku huo ilikuwa wapi. Tumieni maabara iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya linaloidhinisha maabara, au iliyoteuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, hata kama ya mtaani ni nafuu.

Na msisahau tope. Metali nzito huzama na kujikusanya chini, kwa hiyo maji ya leo yanaweza kupimwa na kuonekana safi kwa sababu kiwanda kilipata habari kwamba mnakuja, huku tope la chini ya bomba likiwa limehifadhi kumbukumbu ya miaka. Ningekuwa na fedha za kipimo kimoja tu karibu na kiwanda cha metali, ningepima tope la juu ya bomba na la chini ya bomba.

Kuyasoma matokeo

Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka, kwa maji yanayomwagwa katika mazingira, kikomo cha miligramu 30 za BOD kwa lita, 50 za COD, 0.01 za risasi, na pH kati ya 6.5 na 8.5. Maji yanayoingia kwenye bomba la majitaka la mji yaliwekewa vikomo vilivyolegea zaidi, kwa kuwa yanatarajiwa kusafishwa mbele. Ndiyo sababu swali la kwanza la kuuliza kiwanda ni maji yake yanakwenda mtoni au kwenye bomba la mji. Linganisheni daima na kanuni zilizokuwa zikitumika siku sampuli ilipochukuliwa, na pia na masharti ya leseni ya kiwanda chenyewe.

Kuna hesabu moja ambayo kila kamati ya wakazi inapaswa kuijua. Miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Kiwanda kinachomwaga mita za ujazo 500 kwa siku zenye BOD ya miligramu 300 kwa lita kinauingizia mto kilo 150 za mzigo huo kila siku, ilhali kingeshika kikomo cha 30 kingeingiza kilo 15. Hesabu hii huumbua hila ya kuongeza maji ya kisima kwenye majitaka ili namba ya maabara ishuke, maana kilo zinazoingia mtoni hubaki zilezile.

Karatasi za kiwanda

Kiwanda kikubwa hakiwezi kufunguliwa kihalali bila ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, na kinapoendelea hutakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Kinachomwaga maji mtoni huhitaji leseni ya kumwaga majitaka kutoka NEMA, na kinachochota maji mtoni au kwenye kisima kirefu huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Karatasi hizi ndizo ahadi za kiwanda, zimetiwa saini, na zimeeleza kwa maneno yake chenyewe kwamba majitaka yatasafishwa vipi na yatafika kiwango gani.

Ziombeni kwa barua. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine iwapo zinahitajika ili kulinda haki fulani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka afisi husika ijibu ndani ya siku 21, na pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika, ndani ya saa 48. Taja kila karatasi kwa jina lake na mwaka wake: leseni ya kumwaga majitaka, ripoti za ukaguzi za miaka 3 iliyopita, ripoti za vipimo ambazo mwenye leseni huwasilisha, na barua zozote za onyo. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa, au siku zikapita kimya, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita afisi ya Ombudsman.

Zikifika, zisomeni mkiwa mmeweka daftari kando. Je, ripoti inataja bomba mnaloliona kila siku? Kibali cha kuchota kinaruhusu mita ngapi za maji, na kiwanda kinaripoti kumwaga mita ngapi? Maji mengine huishia kuwa mvuke au bidhaa, lakini tofauti kubwa isiyoelezwa ni swali la haki kabisa kuliuliza. Je, mkutano wa kuwashauri wananchi ulifanyika kweli, na majina yaliyoandikwa ni ya watu mnaowajua?

Ombeni pia kutoka idara ya usajili wa makampuni fomu ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kiwanda kinachojulikana mtaani kwa jina moja mara nyingi ni mali ya kampuni yenye jina jingine, na barua iliyoelekezwa kwa jina lisilo sahihi haimfungi mtu.

Meza ya mazungumzo

Iandikieni kampuni kabla ya kushtaki. Barua iwe fupi, ya heshima, yenye maswali yanayojibika kwa tarehe na namba, na ipewe siku za kujibu. Wakiwaita, nendeni si chini ya watu wanne, andikeni kumbukumbu za kikao, na mzitume kwao kwa barua siku hiyohiyo ili wasije wakakana.

Mambo mawili, mtambo mpya na karatasi ya fidia, yatawekwa mezani karibu kila mara, nayo yote mawili yaliwahi kuwapata watu wa Minamata, Japani, ambako kampuni ya Chisso ilimwaga zebaki katika ghuba waliyovulia samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mnamo Desemba 1959 kampuni ilizindua kwa sherehe mtambo wa kusafisha majitaka, ambao haukuundwa kuondoa zebaki ya kikaboni, na umwagaji uliendelea hadi 1968. Mwezi huohuo wa Desemba 1959 familia za wagonjwa, zikiwa zimelemewa na umaskini, zilitia saini kupokea pesa za pole kwa sharti kwamba hazingedai zaidi hata ikija kuthibitishwa kwamba kiwanda ndicho kilichosababisha. Wakati huo daktari wa kampuni yenyewe alikuwa amekwisha kumwona paka aliyelishwa majitaka ya kiwanda akishikwa na ugonjwa uleule, na kampuni ilinyamaza. Mwaka 1973 mahakama ya Kumamoto iliutangaza mkataba huo kuwa batili, lakini zaidi ya miaka 13 ilikuwa imepita.

Kwa hiyo mkionyeshwa mtambo mpya, ulizeni unaondoa kitu gani, kwa kiwango gani, na ni nani atakayepima. Na mkiletewa karatasi ya fidia, msitie saini siku hiyo, hata kama ni ya shule au kisima kipya, mpaka wakili ameisoma na kuwaeleza kama kuna sentensi inayofuta madai ya baadaye.

Watoto wasisubiri mazungumzo hayo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Pale inaposhukiwa, acheni kutumia maji hayo kwa kunywa na kupikia, na mwombe hospitali ipime damu za watoto na wajawazito. Kumbukumbu za hospitali ni siri ya mgonjwa, wala zisibandikwe ukutani kwa ajili ya kampeni.

Kushtaki

Malalamiko ya kwanza huenda NEMA, nakala kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa serikali ya kaunti. Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira huchunguza, na huchunguza hata mwenendo wa NEMA yenyewe. Ombeni jambo mahususi: agizo la kusimamisha umwagaji, agizo la kurejesha mazingira katika hali yake, au kufutwa kwa leseni. Anayepinga uamuzi wa kutoa leseni aende kwenye jopo la rufaa linaloitwa NET mapema, kwa kuwa sheria imeweka siku 60.

Mlango mkubwa zaidi ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kuilinda haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hii ina maana kwamba hamhitaji kusubiri mtoto augue. Lakini kwa kudai fidia, ushahidi wa afya ya kila mtu utatakiwa, na hapo ndipo orodha ya kaya, kumbukumbu za hospitali na miaka ya kuishi mahali hapo inakuwa na thamani.

Someni kwa makini habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako moshi na majitaka yenye asidi ya kiwanda cha kuyeyusha betri yaliwatia wakazi sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na kesi, iliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido na shirika lake, ilipelekwa mahakamani 2016. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na ikaagiza eneo lisafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zilipwe milioni 700 nyingine za kazi hiyo. Sehemu kubwa kuliko zote ya lawama, asilimia 40, ilibebeshwa NEMA. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Fundisho langu kutokana na kesi hiyo ni la kiutendaji: washtakini kampuni, wenye ardhi, na afisi za serikali zilizotoa vibali pamoja, maana kampuni inaweza kufunga milango na kuondoka, ilhali afisi za serikali hubaki.

Kama kampuni mama iko ng'ambo, kuna njia nyingine. Wakazi wapatao 1,800 wa Zambia, waliolalamikia uchafu wa mgodi wa shaba wa Nchanga katika maji ya eneo la mto Kafue, waliishtaki Vedanta, kampuni mama ya mgodi huo, huko London, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa huko. Ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2021. Ufaransa ina sheria ya 2017 inayoyataka makampuni yake makubwa yawe na mpango wa kuzuia madhara hata kwa wanaowauzia bidhaa. Kiwanda kilichokopeshwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia, kinaweza kulalamikiwa kwa afisi ya CAO, ambayo huficha jina la mlalamishi akiomba.

Wafanyakazi wa ndani watakuja kwenu usiku na habari. Msiandike majina yao kwenye daftari, msiwataje kwa simu, wala msiwashinikize kuiba karatasi. Waulizeni tu ni karatasi gani ipo, kisha muiombe kwa njia ya sheria. Aliye mstari wa mbele asiwe mtu mmoja. Omido alikamatwa na kushtakiwa mwaka 2012 kabla ya kuachiliwa, na kikundi chenye uso mmoja hunyamazishwa kwa kumkamata mtu mmoja.

Agizo likishatolewa, mwombe mahakama ieleze ni nani atakayepima, lini, na taarifa itawasilishwa kwa nani, kisha rudini kwenye vituo vyenu vitatu vilevile, mchote maji na tope kwa utaratibu uleule, msimu wa kiangazi na wa mvua, na kuziweka namba mpya kwenye ukurasa unaofuata wa daftari lilelile.